Simu na tableti kwenda laptopu bila waya: Quick Share, LocalSend, KDE Connect, Phone Link ama Bluetooth, ipi inakufaa?

"Sina mega, mwanangu." Hivo ndo alinijibu mama mmoja aliyetoka Bunia kuchapisha kadi za harusi ya binti yake, nilipomwomba awashe waifai na Bluetooth anirushie picha kwa laptopu. Nikamwambia mama, haitaki mega, zima data kabisa kama unaogopa. Akazima. Picha 40 na kitu zikaingia, akaangalia salio lake halijaguswa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika hatakatwa baadaye.

Nafanya dizaini na uchapaji hapa Nasser Road Kampala, na kazi yangu karibu yote inaanzia kwa simu ya mtu mwingine. Mteja anakuja na picha kwa simu, mimi naihitaji kwa laptopu, alafu nikimaliza naweka dizaini kwa tableti aione vizuri kabla sijachapa. Kwahiyo hii habari ya kuunganisha bila waya ni kazi yangu ya kila siku, na nimejaribu njia nyingi sana. Naona watu wakiuliza wanatajiwa jina la apu moja basi, hakuna anayewauliza kwanza we una vifaa gani na unataka kufanya nini, sasa acha niziweke pamoja hapa mtu achague mwenyewe.

Kitu cha kwanza, na ukikishika hiki mengine yanakuwa mepesi: kuna njia zinazotoka nje na kuna njia zinazobaki ndani. WhatsApp, barua pepe, Google Drive, hizo zinatoka nje. Picha inaondoka kwa simu, inapanda mnara, inaenda kwa seva ya mbali huko, alafu inarudi kwa laptopu ambayo ilikuwa hapo hapo mezani. Video ya GB 1 inakula GB 1 kupanda na GB 1 kushuka, na kama laptopu nayo inanyonya data ya simu yako basi umelipa GB 2 kusogeza kitu nusu mita. Na hapa Uganda data ina kodi yake, tulianza na ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii Julai 2018, alafu Julai 2021 ikaondolewa ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Njia za ndani ni vifaa kuongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa mawimbi ya Bluetooth au waifai, hakuna mnara, hakuna bando, hakuna kodi. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima karibu siku tano, njia za ndani ziliendelea kufanya kazi kama kawaida, ndo hapo wengi tulielewa tofauti.

Kwahiyo swali langu kwa kila apu huwa ni moja, hii inabaki ndani au inatoka nje?

WhatsApp dhidi ya kurusha moja kwa moja

Nianze na hii maana ndo inaharibu kazi za watu kuliko zote. WhatsApp ukituma picha kama picha inaipunguza, upande mrefu unabaki karibu pikseli 1600. Kwa skrini hutaona kitu. Lakini kwa kuchapa tunataka pikseli 300 kwa kila inchi, ukigawanya 1600 kwa 300 unapata inchi 5 na kidogo, yaani sentimita 13 na nusu hivi. Picha ile ile ikitoka moja kwa moja kwa kamera ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa upande mrefu, hiyo ni sentimita 34 karibu, na A4 ni 29.7. Sasa umeona? Moja inajaza kalenda ya A4 safi, nyingine inafika chini ya nusu, ukiivuta sura ya mtu inakuwa ukungu.

Nakumbuka bango moja la kumbukumbu ya marehemu, familia walinitumia picha kupitia apu ya kuchati, na ile picha yenyewe ilikuwa imeshapita kwa makundi matatu kabla ya kunifikia. Nilikaa na hiyo sura usiku mzima nikijaribu kuirudisha na haikurudi. Kesho yake asubuhi kijana wao mmoja akaja na simu iliyopiga ile picha, tukairusha moja kwa moja, mzee akaonekana mpaka mikunjo ya macho. Tangu siku ile sipokei picha ya kuchapa kwa kuchati kama mwenye simu yuko hapa hapa mbele yangu.

Kama mtu yuko mbali, Gulu au Juba huko, hapo huna jinsi, mwambie aitume kama dokyumenti, WhatsApp inaruhusu faili mpaka GB 2 na dokyumenti haipunguzwi.

Bluetooth dhidi ya waifai

Bluetooth iko kila mahali, hata kisimu cha batani kinayo, haitaki kuweka apu yoyote, na hiyo ndo nguvu yake yote. Kasi yake ya kurusha faili kwenye karatasi ni megabiti 3 kwa sekunde, kiuhalisia unapata kama kilobaiti 200 hivi, yaani picha moja ya MB 4 ni sekunde 20, na GB 1 ni zaidi ya saa nzima. Waifai ya 2.4GHz, yale masafa ya zamani yaliyo polepole, kwa laptopu yangu ya kwanza, ilikuwa yuzdi yaani imeshatumika, nilikuwa napata GB 1 kwa dakika 4 au 5, na hii ya sa hivi yenye 5GHz inaisha ndani ya dakika moja. Kwahiyo picha mbili tatu za pasipoti, tumia Bluetooth umalize. Video ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, ya saa mbili, usijaribu hata.

Kosa moja naliona sana kwa Windows: mtu anaunganisha laptopu na simu vizuri, alafu anatuma faili inakataliwa. Windows inataka uingie kwa setingi za Bluetooth uiambie wazi kwamba unapokea faili, na lile dirisha la kupokea libaki wazi. Usipolifungua simu itasema imeshindwa tu basi.

Quick Share dhidi ya LocalSend

Hapa ndo penyewe, hizi mbili ndo ninazotumia kila siku na kila moja ina mahali pake.

Quick Share ni ya Google, ilianza Agosti 2020 ikiitwa Nearby Share, Januari 2024 ikaunganishwa na ile ya Samsung ikachukua jina hilo la Samsung. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mteja tayari anayo, simu karibu zote za Android zenye huduma za Google zinayo ndani, tableti za Android pia, wewe unaiweka kwa Windows 10 au 11 tu. Mteja anachagua picha, anabonyeza kushea, laptopu yangu inatokea kwa skrini yake, namwambia ndo hiyo boss, bonyeza. Wala sihitaji kumshawishi aweke kitu kwa simu yake. Kwa mtu kama mimi anayepokea kutoka kwa watu asiowajua hilo linashinda kila kitu.

Lakini ina tabia zake. Inataka Bluetooth na waifai vyote viwe vimewashwa pande zote mbili, hata kama hujaunganika na mtandao wowote, na iwe karibu, Google wenyewe wanasema ndani ya mita 5. Na kuna siku inashindwa kufungua njia ya waifai inabaki kwenye Bluetooth, unaona asilimia zinatambaa, hapo usikae unasubiri, katisha, zima waifai ya simu uiwashe tena, rusha upya, mara nyingi inakubali. Mac haina, Linux haina, iPhone nayo kwa miaka yote haikuwemo. Novemba 2025 Google walitangaza kwamba Quick Share inaweza kuongea na AirDrop ila walianza na Pixel 10 tu, na hiyo simu kwa wateja wangu bado sijaiona.

LocalSend ni bure, haina matangazo, haina akaunti, na iko Android, iPhone, iPad, Windows, Mac na Linux. Ni wachache hapa wanaofika kote huko. Vifaa vyote vikiwa kwa mtandao mmoja vinaonana, kila kimoja kinajipa jina la kubuni lenye tunda ndani yake, unagusa jina unatuma. Ubaya wake ni kwamba lazima pande zote ziwe nayo, na lazima kuwe na mtandao wa pamoja.

Sasa huo mtandao wa pamoja ndo watu wanakwama, wanasema sisi dukani hatuna ruta. Huhitaji ruta! Chukua simu ya Android, zima data, washa hotspoti, unganisha laptopu na tableti kwa hiyo hotspoti. Simu nyingi za Android zinakubali hotspoti hata bando ikiwa sifuri, na vifaa vitaonana vizuri kabisa. Ukiwa hujazima data, laptopu inadhani imepata intaneti ya bure inaanza kushusha masasisho ya Windows kimya kimya, hapo bando ya wiki inaisha kabla hujamaliza chai. Kama huwa unasahau, ingia kwa setingi za waifai ya laptopu, ile hotspoti iwekee alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, Windows itapunguza kujishushia vitu. Kutumia laptopu yenyewe kama hotspoti pia inawezekana ila Windows kwa kawaida inataka kwanza iwe imeshika mtandao fulani ndo ikubali, na iPhone nayo inataka data iwe imewashwa. Android ndo rahisi.

Na kingine, kama umeunganika na waifai ya hoteli au ya jengo kubwa na vifaa havionani, usilaumu apu. Mitandao mingi ya watu wengi imefungwa makusudi ili kifaa cha huyu kisione cha yule. Hamia kwa hotspoti yako.

Jambo lingine ambalo hapa kwetu ni kubwa, VPN, zile apu za kufungulia mitandao iliyofungwa. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, watu wakaweka VPN, na wengi wanaiacha inawaka mchana na usiku mpaka wamesahau kama ipo. VPN inaweza kuzuia kifaa kisiwaone majirani zake wa mtandao huo huo, kwahiyo LocalSend na KDE Connect zinatafuta weee hazioni mtu. Mteja akiniambia "boss haionekani," kitu cha kwanza naangalia ule ufunguo mdogo juu ya skrini. Zima VPN, rusha, washa tena. Cha pili ni kinga ya Windows, ile Firewall, kama uliiambia kwamba mtandao huo ni wa umma inafunga milango, badilisha uwe mtandao binafsi kama ni hotspoti yako mwenyewe.

Kwahiyo kati ya hizo mbili: unapokea kutoka kwa wageni wenye Android, Quick Share. Vifaa ni vyako mwenyewe na vimechanganyika, iPad hapa, Android pale, laptopu ya Linux, chukua LocalSend na usiangalie nyuma.

SHAREit na Xender nazijua zimesaidia watu miaka mingi, sizidharau. Ila India ilizipiga marufuku zote mbili Juni 2020 pamoja na apu nyingine za China, na Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ikatoa ripoti ya udhaifu kwa SHAREit ya Android. Na yale matangazo. Wakati kuna njia safi za bure sioni sababu.

Wenye iPhone, iPad na Mac, nyie AirDrop inawatosha, iko tangu 2011 kwa Mac, haitaki intaneti, inaenda haraka. Kwa iPhone na iPad ukichagua ipokee kutoka kwa kila mtu inafanya hivo kwa dakika 10 alafu inajifunga yenyewe, na mimi naona hiyo ni busara. Ila iPhone na laptopu ya Windows mimi natumia LocalSend.

Phone Link dhidi ya KDE Connect

Hizi ni kitu kingine. Zile za juu ni za kurusha faili, hizi ni za simu na laptopu kuishi pamoja: taarifa za simu kuonekana kwa laptopu, kujibu meseji kwa kibodi, na kadhalika.

Phone Link ni ya Microsoft, zamani iliitwa Your Phone mpaka 2022. Inakuja na Windows, inaonyesha meseji, taarifa na picha zako za karibuni, na unapokea simu kupitia laptopu kwa Bluetooth. Kwa Samsung nyingi unaweza mpaka kufungua apu za simu ndani ya laptopu. iPhone iliingizwa 2023 ila inapata machache. Inataka akaunti ya Microsoft na inategemea intaneti kwa mengi, na imetengenezwa kwa simu, kwa tableti usiitegemee.

KDE Connect ilianza 2013 kwa watu wa Linux, leo iko Windows na Android pia, na kwa iPhone ila huko ina mipaka. Inabaki ndani! Simu na laptopu zikiwa kwa hotspoti moja, bando sifuri, bado taarifa zinaingia. Kwa biashara hapa Uganda hii ni dhahabu kwa sababu ya MoMo, ile pesa ya simu ya MTN, na Airtel Money. Mteja analipa, meseji inaingia kwa simu iliyo mfukoni au kwa chaji kule nyuma, mimi naiona kwa kona ya laptopu bila kusimama. Pia unanakili maneno kwa simu unabandika kwa laptopu, mteja akinitumia jina refu la bwana harusi na majina ya wazee wote wa ukoo sihitaji kuyaandika upya, na makosa ya majina kwa kadi ndo yanaleta ugomvi kuliko bei. Walimu nao wangeipenda, simu inakuwa rimoti ya kupitisha slaidi.

Angalizo moja la dhati: kama taarifa zako zinaonekana kwa laptopu, zile namba za siri za mara moja za benki nazo zinaonekana. Laptopu ya dukani ambayo vijana watatu wanaikalia, usiiunganishe na simu yenye pesa zako. Mimi nina simu ya pembeni yenye laini ya biashara tu.

Kwa uzuri wa macho na simu za sauti Phone Link inashinda. Kwa asiyetaka kula bando wala akaunti, KDE Connect, na mimi niko huko.

Tableti kama skrini ya pili

Hapa sitakaa sana ila imenibadilishia kazi. spacedesk unaiweka kwa Windows na kwa tableti, zikiwa kwa mtandao mmoja tableti inakuwa skrini ya pili ya laptopu. Naigeuza upande wa mteja, yeye anaona kadi yake inavobadilika huku mimi nahamisha, "hapana ssebo, hiyo rangi ifanye kama ya gomesi ya bibi harusi," nabadilisha hapo hapo. Zamani nilikuwa narusha picha ya dizaini, anaangalia, anasema, narekebisha, narusha tena. Kwa 2.4GHz inachelewa kidogo, mshale unakuja nyuma ya mkono, ila kwa kuonyesha tu inatosha. Wenye Mac na iPad wana Sidecar tangu 2019, ni laini zaidi, inafika mpaka mita 10. Baadhi ya tableti kubwa za Samsung zina yao ndani, kwa laptopu unabonyeza kitufe cha Windows na K inaitafuta.

Picha za wateja

Njia yoyote utakayochagua, usiache laptopu ikipokea kutoka kwa kila mtu muda wote, na usiunganishe simu ya mteja na KDE Connect, hiyo inafungua zaidi ya picha aliyokusudia. Mteja achague mwenyewe picha kwa mkono wake, wewe ukae upande wako wa meza. Tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, mtu anapokupa picha ya mtoto wake au ya marehemu amekuamini. Mimi kazi ikichukuliwa nafuta faili za mteja baada ya mwezi na namwambia mapema, asije akarudi akitegemea nimemtunzia.

Waya bado nauweka kwa droo. Video zikizidi GB 20 au hotspoti zote za jengo zikigombana kwa 2.4GHz, waya wa USB unamaliza bila maneno.

Na kama laptopu bado hujainunua, hasa hizi yuzdi, kabla hujatoa pesa fungua lile dirisha jeusi la amri uandike netsh wlan show drivers. Angalia mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11ac au ax iko sawa, ina 5GHz. Ukiona inaishia n, uwezekano mkubwa ni 2.4 peke yake, mwambie muuzaji akupunguzie bei au akuletee nyingine.